Tate Modern, London: Hapa Hakuna wa Kumpa Mji

Kiingilio cha Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa, ni bure. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila ndugu anayefika London akataka nimtembeze: pale ndani wanalipisha? Hawalipishi. Maonyesho maalumu ya muda yana tiketi, na tiketi zenyewe si za mchezo, lakini vyumba vya mkusanyiko wao wa kudumu na ule ukumbi mkubwa wa chini unaingia hivihivi, hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Ukitokea upande wa kanisa la St Paul's unavuka Mto Thames kwa daraja la waenda kwa miguu, na dohani la matofali linakungoja ng'ambo, mita 99 kwenda juu. Huwezi kupotea.

Swali la pili huja tukishaingia, na hilo ndilo lililonikalisha niandike: "Sasa hii, maana yake nini?"

Niseme mapema mimi ni nani, ili msinitegemee kwa yasiyo yangu. Ni fundi wa nguo. Nashona magauni ya harusi na kupunguza suruali za watu huku Barking, mashariki ya London, na kwetu ni Tanga. Sanaa sikuisomea. Ila riziki yangu inatokana na kutazama kitu kilivyounganishwa, na kwa jicho hilo nimekuwa nikienda Tate Modern miaka yote hii, mara nyingine peke yangu siku ambayo mteja kaahirisha, mara nyingi na wageni.

Sisi tumelelewa na vitendawili. Mtu anasema "Kitendawili!", mnamwitikia "Tega!", anatega, mnahangaika wee, na mkishindwa anadai mji. Mnampa Lushoto, anasema baridi haiwezi. Mnampa Mombasa, anaupokea, anasimulia alivyokwenda huko akala, akanywa, akaoa, na ndipo anapotoa jibu. Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Wageni wangu wengi huingia Tate Modern wakiwa na mji mkononi, wanatafuta wa kumpa. Wanamtazama mlinzi wa chumba. Wananitazama mimi. Wanasogea ukutani kusoma kibandiko. Hakuna anayepokea. Wapo wanaotoka wamenuna, wanahisi wamechezewa, na wapo wanaoketi kwenye benchi na kuanza kubishana. Kama wewe ni wa ubishi, nauli yako haitapotea. Kama unataka jibu, nenda South Kensington kwenye makumbusho ya viumbe na maumbile ukaone mifupa ya nyangumi. Nako ni bure.

Jengo lenyewe lilikuwa kituo cha kufua umeme, ramani ya Giles Gilbert Scott, kikafungwa mwaka 1981. Wasanifu wa Uswisi, Herzog na de Meuron, wakaligeuza, likafunguliwa kwa umma mwaka 2000. Palipokuwa na mitambo pakaachwa patupu, ukumbi wa zaidi ya mita 150 kwa urefu, na jina halikubadilishwa: Turbine Hall. Humo ndimo wanamowekwa wasanii wa kazi kubwakubwa, mmoja baada ya mwingine.

Mama mdogo wangu alipokuja kutoka Pangani, kitu cha kwanza alichokiona humo hakikuwa kazi iliyotundikwa. Kilikuwa sakafu.

"Ama hawa, na fedha zote hizi, sakafu imepasuka?"

Kweli kuna alama, mstari uliozibwa unaokwenda ukipindapinda mwendo wa ukumbi. Nikamweleza. Mwaka 2007 msanii wa Bogotá, Kolombia, Doris Salcedo, aliipasua sakafu hii kwa ufa wa mita 167. Ulianza mwembamba, ukapanuka na kuzama mpaka mtu aliweza kuingiza mguu, na watu waliingiza kweli, wengine wakaumia. Aliulizwa sana ameufanyaje, hakusema. Alichokuwa tayari kusema ni kwamba ulihusu mipaka, wahamiaji na ubaguzi wa rangi: namna asiye Mzungu anavyoishi Ulaya akiwa upande wa pili. Mwaka 2008 muda wake ulipokwisha, wakaujaza.

Mama mdogo akatafakari. "Sasa mwanangu, kama ufa ndiyo kazi yenyewe, mbona wameiziba?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Huenda kazi ilikufa siku ulipojazwa. Huenda kujazwa ndiko kulikoimalizia, maana kovu haliondoki, na watu wanalikanyaga kutwa bila kujua wanakanyaga nini. Kwetu tunaonywa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama mdogo aliigeuza: akasema huyu mama wa Bogotá alikuwa anawaambia wenyeji kuwa ukuta walishaujenga siku nyingi, ufa umekuja kuuonyesha tu. Sijaikuta tafsiri hiyo kwenye maelezo yoyote ya wataalamu, na sishangai, methali si yao. Mimi naiona imekaa vizuri kuliko nyingi nilizosoma.

Kazi iliyoleta ugomvi mkubwa zaidi katika familia ni glasi ya maji. Imewekwa juu ya kishubaka cha kioo, cha aina ile ya bafuni, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Chini yake pana maandishi ya maswali na majibu. Ni ya mwaka 1973, ya Michael Craig-Martin, na jina lake ni mwaloni, ule mti mkubwa wa Ulaya. Katika maandishi, muulizaji anambana msanii: si umeipa jina tu? Msanii anakana katakata. Anadai ameigeuza glasi kuwa mwaloni uliokomaa, kiini kimebadilika, sura ndiyo iliyobaki ya glasi na maji.

Mimi nilicheka mpaka mlinzi akanitazama. Shemeji yangu wa Moshi, niliyekuwa naye, hakucheka. Alisoma mpaka mwisho, akarudia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Huyu ni Mkatoliki."

Nikamuuliza amejuaje. Akanieleza mkate na divai altareni: sura ileile, kiini kingine, na kwamba hilo huombwi ulione bali uliamini. Baadaye nikaja kujua kwamba Craig-Martin kweli alilelewa katika Ukatoliki. Basi shemeji alikuwa ameisoma kazi kutokea misa ya Jumapili ya Moshi, na mimi Mwislamu wa Tanga nilisimama palepale nikaona glasi. Tulibishana kutoka Southwark hadi Barking. Yeye anasema kazi inapima imani. Mimi nasema inawachekea wenye imani, na hasa imani tuliyonayo kwa kuta nyeupe, maana glasi ileile ikiwa jikoni kwangu ni ya kuoshwa. Msanii mwenyewe amesimulia kwamba mwaloni wake ulipopelekwa Australia, watu wa forodha waliuzuia kwa kuwa mimea ya nje hairuhusiwi kuingia, ikambidi akiri kwamba ni glasi ya maji. Nilipomwambia shemeji hayo akasema hata Petro alikana.

Ubishi wa namna hii una baba yake, na yumo humo humo: beseni la kukojolea la wanaume ambalo msanii Marcel Duchamp alilipeleka kwenye maonyesho New York mwaka 1917 likiwa na saini ya R. Mutt, jina la kubuni. La kwanza lilipotea; hilo la Tate ni nakala ya mwaka 1964. Duchamp huyo akihutubia Houston mwaka 1957 alisema msanii haifanyi kazi peke yake, mtazamaji naye anatia sehemu yake kwa kuifasiri. Wasanii wawili wa Kichina walilichukua neno hilo kwa uzito wake wote mwaka 2000, wakaenda kulikojolea beseni. Siwashauri.

Matofali ya Carl Andre nitayapitia haraka. Ni 120, yamelazwa sakafuni tabaka mbili. Yalinunuliwa mwaka 1972, magazeti yakawaka mwaka 1976 kuhusu fedha za umma, mtu mmoja akayamwagia rangi ya buluu. Nimeyapa nafasi. Nimeyazunguka, nimechuchumaa. Hayanipi kitu. Fundi mwashi mmoja wa kwetu niliyekwenda naye aliyatazama viungo vyake, akasema yamepangwa safi kuliko nyumba nyingi anazojengeshwa London, akaendelea na safari yake.

Ila ingia chumba cha Cildo Meireles. Chumba kina giza la buluu, na katikati umesimama mnara wa redio, mamia ya redio, urefu wa kama mita 5. Chini ni yale madude ya zamani yenye sanduku la mbao, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyopungua ukubwa na kuwa za karibuni. Zote zimewashwa kwa sauti ndogo, kila moja stesheni yake, na zinashika matangazo ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo kazi ya leo si ya jana. Meireles ni Mbrazili. Kazi ni ya mwaka 2001, na jina lake ni Babel, mnara wa lugha zilizovurugika.

Mle ndani nilijishika nikifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilizunguka mnara nimetega sikio, natafuta Kiswahili. Kiingereza, muziki, Kiingereza, mpira, mtu anahubiri, Kiingereza. Kiswahili hakipo, na kwa nini kiwepo, ni mawimbi ya London. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyesimama karibu yangu alinitabasamia akasema chumba kinamtuliza, kinamvumia kama bahari. Nilimwitikia kwa adabu. Tulisimama mbele ya redio zilezile. Yeye anapumzika, mimi natafuta mtu ambaye hayupo. Meireles hakuandika popote kwamba mhamiaji atafute lugha yake. Alizipanga redio, akaziwasha, akatoka nje. Kutoka kwake nje ndio ufundi.

Mwaka 2010 msanii wa China, Ai Weiwei, alimwaga mbegu za alizeti milioni 100 katika Turbine Hall. Zote za kauri, kila moja imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, watu 1,600. Mwanzoni watu waliruhusiwa kutembea juu yake, kulala, kuzichota kwa viganja. Baada ya siku chache vumbi la kauri likaonekana ni la hatari, pakafungwa. Mimi nilizikuta zimezungushiwa kamba. Waliowahi wanasimulia mlio wa mbegu chini ya viatu na watoto wakichezea. Kwangu ulikuwa uwanja wa kijivu, kimya, na kamba. Ukituuliza, hatutakusimulia kazi moja. Wachina wa umri fulani wanakumbuka mabango ambayo Mao alichorwa kama jua na wananchi kama alizeti wanaomgeukia. Kaka mmoja wa Singida niliyekwenda naye alikunja mikono, akapiga hesabu ya mafuta ya kula ambayo yangetoka humo kama zingekuwa za kweli, akahuzunika kweli kweli. Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anatazama kazi ya watu 1,600 isiyoweza kulika, na sidhani kama Ai angemkatalia.

Lakini iliyonishika kama fundi ni ya El Anatsui, iliyotundikwa Turbine Hall kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024. Anatsui ni Mghana, alizaliwa mwaka 1944, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameipitisha Nsukka, Nigeria. Malighafi yake ni vizibo vya chupa za pombe kali na ule utepe wa bati laini unaozunguka shingo ya chupa. Vinapondwa, vinakunjwa, vinatobolewa, na wasaidizi wake wanaviunganisha kimoja kimoja kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa shuka la chuma. Nilisogea kadiri nilivyoruhusiwa nikatazama maungio. Kila kizibo kimefungwa kwa jirani zake na waya uliopindwa ncha, kisha kimeachiwa nafasi kidogo ya kucheza. Nafasi hiyo ndiyo siri yote. Ukikaza kila kiungo, shuka linasimama kavu. Ukilegeza mno, linachanika kwa uzito wake. Yule aliyeamua kiasi cha kulegeza anaijua kazi.

Kipande cha kwanza, karibu na mlango, kilikuwa kikubwa, chekundu, kimefura.

"Tanga," akasema mama mdogo. Hakuuliza. Baba yake alikuwa nahodha Pangani, na yeye amekulia ufukweni. Alilitazama tumbo la tanga limeelekea wapi, akasogea kushoto, akasogea kulia, halafu akauliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: "Hiki chombo kinakuja au kinaondoka?"

Nikamweleza ninachokijua. Kwamba pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa na watu pwani ya Afrika Magharibi. Kwamba watu hao walivushwa Atlantiki kwa matanga wakalimishwe miwa, na miwa ikatoa sukari, na sukari ikatoa pombe nyingine. Kwamba jina lililo juu ya mlango tuliopita ni la Henry Tate, tajiri wa kusafisha sukari. Yeye aliianza biashara baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, lakini sukari yenyewe ilikuwa imeshajengwa juu ya migongo ya watumwa. Mama mdogo akasikiliza. "Basi kinakuja na kinaondoka," akasema, "inategemea umesimama wapi."

Sikumwambia kwamba kipande cha pili kilikuwa kinasema hivyo hivyo kwa waya. Katikati ya ukumbi palining'inia maumbo membamba yaliyofanana na watu, yametawanyika hewani, hayana mpango. Ukitembea yanasogeleana, na ukifika mahali fulani yanakutana na kuwa duara moja, dunia. Hatua moja mbele, yametawanyika tena. Ilikuwa raha kutazama watu wakipatafuta mahali hapo, wanarudi nyuma, wanagongana, wanaombana radhi. Mwisho wa ukumbi palikuwa na ukuta mweusi wa vizibo uliomwagika mpaka sakafuni. Wengi waliishia mbele yake, wakapiga picha, wakarudi. Waliozunguka nyuma walikuta rangi tele.

Anatsui ana desturi moja inayonisumbua. Haagizi kazi zake zitundikwe vipi. Anazipeleka, na wanaozitundika ndio wanaoamua mikunjo ikae wapi. Ikihamishwa nyumba nyingine inapata umbo jingine, na yeye hana tatizo. Mimi siwezi. Nguo ikitoka kwangu najua itakaaje begani, na mteja akiivaa vibaya nitamfuata mlangoni. Nilikaa na wivu huo siku kadhaa.

Hapa nataka kubishana kidogo na wale wanaosema kwamba katika sanaa ya kisasa kila mtu aone anachoona, yote sawa. Siku ile kijana mmoja alisimama karibu yetu akawaambia wenzake hizi ni pazia za hoteli ya Dubai. Tulicheka wote, na kweli ule mng'ao wa dhahabu unaruhusu. Lakini pazia la hoteli halikwambii kwa nini ni vizibo vya pombe. Halikwambii kwa nini kumefura, wala kwa nini kuna watu wametawanyika nyuma yake. Tanga la mama mdogo linabeba vyote hivyo bila kudondosha kimoja. Kuachiwa nafasi si kuachiwa ovyo. Tafsiri nzuri ni ile ambayo ukiirudisha kwenye kazi inakuta vitu vingi vya kushika, na tafsiri mbili zinazogombana zinaweza zote kushika; glasi ya shemeji na glasi yangu bado zinashika. Pazia halikushika.

Na Mswahili akienda Tate, ajue jina la Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaletwa Uingereza angali mchanga baada ya baba yake kufariki. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na kuanzia Novemba 2021 Tate Modern ilimpa vyumba vyake mwenyewe, maonyesho ya tiketi, nami nililipa bila kunung'unika.

Palikuwa na vitambaa vimetundikwa juu kama bendera, na vilikuwa na mpangilio wa kanga: pindo, mji, maandishi. Maandishi ya Kiingereza. Wageni wengine walivitazama wakasoma maneno, wakasonga mbele. Mwanamke wa Pwani haishii hapo. Sisi tukiona kanga yenye maandishi tunauliza aliyeivaa anamwambia nani. Sasa hizi hazikuvaliwa, zilining'inia tu. Nikajikuta nageuka nyuma kutazama ni nani amesimama mahali pa kuambiwa. Palisimama watalii, watoto wa shule na mwalimu wao, na mimi.

Himid pia alikuwa ameandika maswali ukutani, makubwa, bila majibu. Moja lilihusu kwamba tunaishi ndani ya nguo na tunaishi ndani ya majengo: je, vinatukaa? Niliganda. Hilo ni swali langu la kila siku nikiwa na sindano mdomoni, sikuwahi kulisikia likiulizwa kuhusu nyumba. Nikaanza kuhesabu fleti nilizopanga katika mji huu na ipi ilinikaa. Kazi haikuwa imesema neno juu ya Barking wala juu ya kodi yangu, na bado nilitoka na hesabu hiyo kichwani.

Katika vyumba hivyo palikuwa na michoro yake yenye jina la meli ya Ufaransa, Le Rodeur. Nilianza kuitazama bila kusoma chochote. Niliona watu weusi waliovaa vizuri, mikato ya nguo ya kisasa, rangi za kuthubutu, ndani ya vyumba visivyoeleweka ni vya nini, na bahari kwa nje. Hakuna aliyemtazama mwenzake sawasawa. Nikadhani ni karamu iliyoharibika. Ndipo nikasoma: mwaka 1819 Le Rodeur ilibeba watumwa, ugonjwa wa macho ukaingia melini, watumwa na mabaharia wakapofuka. Kwenye picha hakuna meli, hakuna mnyororo, hakuna kipofu. Lakini nilipoinua kichwa kutoka kwenye kibandiko, yale macho yasiyokutana yalikuwa yamegeuka kuwa kitu kingine, na karamu haikurudi tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu vibandiko ni wa kufuata utaratibu. Tazama kwanza, sema kwa sauti unachokiona, hata kama ni upuuzi, hasa mbele ya mtu atakayekupinga. Kisha soma. Ukisoma kwanza umetoa mji kabla hujategewa. Usiposoma kabisa utabaki na karamu.

Na ukisoma, kuna kipimo ninachokitumia. Niliwahi kuingia nyumba moja ndogo ya sanaa mjini humu, sitaitaja, kamba imelazwa sakafuni na maelezo yake kurasa mbili yamejaa maneno ya "nafasi", "mwili", "kumbukumbu". Nilipoyatoa maelezo kichwani ilibaki kamba. Nilipoitoa kamba, maelezo yalibaki vilevile, hayakuihitaji. Palipo na fumbo la kweli, ukikitoa kitu maneno yanaanguka: toa vizibo vya Anatsui uone kama hotuba juu ya biashara ya watumwa itakufanya uulize chombo kinakuja au kinaondoka.

Ya matumizi sasa. Kazi hubadilishwa, si zote nilizotaja utazikuta, angalia tovuti yao kabla ya kufunga safari. Lifti zipo, na wazee wana mabenchi ya kutosha. Watoto nenda nao, wanauliza maswali mazuri kuliko sisi, ila washike mkono. Ingia kwa mteremko wa upande wa magharibi, si mlango wa mtoni, ili Turbine Hall ikufungukie yote kwa pamoja. Usijaribu kumaliza jengo. Chagua vyumba viwili vitatu. Chakula cha mkahawani ni bei za London, mimi hubeba vitumbua vyangu tukavila nje ukingoni mwa mto. Jengo la pili, lililofunguliwa mwaka 2016, lina ghorofa kumi, na lilijengwa na roshani ya kutazama jiji. Wenye fleti za vioo jirani walishtaki kwa sababu wageni walikuwa wanawatazama hadi sebuleni, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Mama mdogo alipoelezwa alitaka kujua kwanza kwa nini mtu mwenye fedha kiasi kile hana pazia.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku mimi na shemeji tutakapomaliza ubishi wa ile glasi, na kwa jinsi anavyokaza, msisubiri.